Madirisha Mia

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Kitinda,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu mtu akiniandikia "Baba, kaa chini kwanza" mimi husimama. Kwa hiyo mtihani wa vitendo umekuangusha. Hadubini imekupa alama thelathini na nane, na utarudia mwezi wa sita. Basi? Umekufa? Mimi niliwaoshea watu chupa miaka kumi na moja kabla sijaruhusiwa kuweka jicho kwenye hadubini, na siku hiyo ya kwanza niliona kope zangu mwenyewe nikazitangaza kuwa ni minyoo. Walicheka mpaka mganga wa kituo chetu cha afya akatoka nje akishika tumbo.

Wewe unasomea shahada ya sayansi ya maabara. Mimi nina cheti kimoja, nacho mende wamekila pembeni. Lakini makohozi nayajua. Ndiyo maana nakutumia sanduku hili. Ndani mna slaidi kumi, vile vioo vyembamba vya makohozi, zimeshapakwa rangi, nimezitoa kabatini mwa maabara. Ni za zamani, za mazoezi tu. Simu hatuhitaji, slaidi haipiti kwenye simu, na barua inakaa vizuri sandukuni pamoja nazo.

Kanuni ni ile niliyokufundisha ukiwa na miaka tisa, ukisimama juu ya kreti. Kila duara unaloliona ni dirisha. Ukiona vijiti vyekundu kwenye ule ubuluu, ni kifua kikuu, andika "vipo". Usipoona, usithubutu kusema hakuna mpaka uhesabu madirisha mia. Siyo tisini. Tisini ni uvivu uliovaa shati.

Andika namba na jibu kwenye karatasi, kisha rudisha karatasi na slaidi zote kwa basi la Alhamisi. Usikawie, mazoezi yakikaa yanachacha. Na mgongo ukiuma vumilia. Mtaka cha mvunguni huinama, na mtaka cha hadubini huinama zaidi.

Baba yako


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Baba,

Sanduku limefika salama, hakuna iliyovunjika. Yule dereva alilikumbatia mapajani njia nzima, sijui ulimwambia lina nini.

Nimezisoma zote. Mtunza maabara wa hapa, mama mmoja mkali mwenye moyo laini, ananiachia chumba kwa saa moja baada ya wenzangu kutoka. Namba 4 na namba 9 vipo, tena vingi. Nane zilizobaki hakuna, madirisha mia kila moja, naapa. Shingo yangu sasa inageuka upande mmoja tu. Je, nimepata?

Hujaniuliza siku zangu zinakwendaje, nakuambia tu. Saa moja asubuhi tuko wodini kutoa damu. Saa nne darasani, kemia ya mwili. Mchana maabara, jioni ripoti, na ripoti ikirudishwa unaandika nyingine. Chumbani tunalala wanne na dirisha letu linatazamana na ukuta. Juzi nilimtoa mgonjwa damu nikajikuta nimelisahau jina lake kabla sijaliandika kwenye chupa. Nikarudi kumuuliza, akaniambia, "Binti, hata mimi nimelisahau, nina siku tatu sijalala." Tulicheka wote wawili, halafu nikaingia chooni nikalia. Sijui kwa nini nililia, Baba. Hakuna aliyenikosea.

Nina maswali mawili. Kwanza, mbona rangi ya slaidi zako inang'aa kama imepakwa jana? Za zamani za hapa chuoni zimepauka zote. Pili, mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapanda mlima?

Mwanao,
Kitinda


Tarehe 20 Machi

Mwanangu Kitinda,

Rangi inang'aa kwa sababu aliyeipaka ni mimi. Mwandiko umekuwa mkubwa kwa sababu karatasi ni za kituo. Maswali yako yameisha?

Kama umepata au hukupata sikuambii. Mwalimu anayetoa majibu katikati ya somo amejimaliza mwenyewe. Ila nimeisoma karatasi yako na nimeiweka mahali pazuri.

Nakutumia nyingine, namba 11 mpaka 18. Safari hii jitahidi zirudi mapema kidogo. Mimi nastaafu mwezi wa kumi na mbili kama unavyojua, na nataka nikiondoka kwenye chumba hiki niache mtu. Wanaotoka mjini kukagua wananitazama, wanatazama paa, wanaandika kitu. Najua wanachoandika. Chumba kikifungwa hakifunguliwi tena, na watu wa huku watarudi kutembea siku nzima kupeleka kijiko cha makohozi. Wewe ukishapata shahada yako hawatakuwa na la kusema.

Kuhusu kulia chooni: mimi nilikuwa nalia kwenye sinki la chupa, maji yakiwa wazi ili wasisikie. Kazi yetu hii inachosha macho, na jicho likichoka hutoa maji. Usilitafutie sababu nyingine.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe nimechelewa. Tuna zamu wodini, na tuna jaribio la kemia, na mwenzetu mmoja chumbani ameacha masomo, amefunga begi akaenda kwao bila kuaga. Kitanda chake tumekiwekea vitabu.

Majibu haya:
11 hakuna
12 vipo
13 hakuna
14 hakuna
15 vipo, vichache
16 hakuna
17 hakuna
18 hakuna

Baba, nimechoka. Siyo uchovu wa kulala, maana hata nikilala naamka nao uko pale pale, umekaa kitandani unanisubiri. Niruhusu nipumzike kidogo na haya mazoezi. Basi linaondoka sasa hivi.

Kitinda


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Utapumzika ukihitimu. Nilimwambia hivyo hivyo marehemu mama yako alipokuwa anajifunza kuendesha baiskeli, akaniangushia baiskeli mguuni. Lakini alijifunza.

Nakutumia namba 19 mpaka 27. Najua umechoka. Nakuomba kama baba, si kama mwalimu: hizi zisome vizuri, zirudi Alhamisi.

Fundi cherehani aliyekushonea koti lako jeupe anakusalimu sana. Alikuwa na kikohozi cha muda mrefu, amekonda, ana wasiwasi, watoto wanne na mume hayupo. Nikamwita nikampa jibu zuri, hana kitu, ni vumbi la vitambaa tu. Alifurahi mpaka akanivua shati palepale akashona kifungo kilichokuwa kimekatika. Anasema koti likikubana umwambie, alikuachia nafasi kwenye mshono.

Baba yako


Tarehe 6 Mei

Binti yangu,

Ni mimi Sista wa kituo, niliyekuchoma sindano zako zote za utotoni, kwa hiyo najua unavyopiga kelele. Baba yako hajui kama nakuandikia, na akijua atanisusia chai. Na anisusie tu.

Mwanangu, sanduku la slaidi liko wapi? Hapa kuna watu tisa wanangoja majibu ya makohozi tangu mwezi uliopita. Kila mmoja ameambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka wiki zimekwisha. Kila Alhamisi baba yako anakwenda kusimama pale basi linaposhukia, anarudi mikono mitupu, anajifungia maabara. Nimemuuliza, ananiambia dawa ya rangi imekwisha. Chupa ya rangi imejaa, nimeiona kwa macho yangu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya kituo hiki ni mimi. Tangu mwezi wa tatu majibu hayatoki mpaka sanduku lako lirudi. Siku linaporudi, anafungua daftari la wagonjwa, na jioni watu wanaitwa. Nikajumlisha moja na moja. Baba yako haoni, binti yangu. Juzi alinisalimia "shikamoo mama" akidhani mimi ni mama mkwe wa mlinzi, na mimi nilikuwa nimevaa sare! Chai anaimimina kwa kuchovya kidole kikombeni ili ajue imefika wapi. Dawa anapaka kwa mazoea ya mikono, hapo hajakosea hata mara moja. Lakini kuona vile vijiti hawezi tena. Nadhani hata barua zako anazisomea juani, herufi moja moja.

Sikulaumu. Nilidhani mmepatana. Halafu jana usiku nikafikiri, je, kama na yeye hajui?

Na kingine. Yule fundi cherehani bado anakohoa. Nikamwambia arudie kipimo, akanijibu kwa kiburi, "Mzee Hadubini amenipima, mimi mzima." Huku watu wanamwamini baba yako kuliko mimi niliyevaa sare.

Leta hilo sanduku.

Sista


Tarehe 9 Mei

Baba,

Nimekupigia simu mara tano. Najua iko kwenye droo. Nimempigia Sista.

Sanduku la tatu lilikuwa chini ya kitanda changu, sikuwa nimelifungua. Jana sikuingia darasani. Nilikaa kwenye hadubini tangu asubuhi, slaidi tisa, madirisha mia kila moja, na mtunza maabara akasoma zote baada yangu bila kuona nilichoandika. Tumepatana. Namba 20 na 25 vipo. Nyingine hakuna. Nimemsomea Sista kwa simu, wagonjwa wameshaitwa.

Nimemwambia pia Sista atoe kabatini namba 16, 17 na 18 za sanduku la pili, zipelekwe hospitali kubwa zisomwe upya leo hii. Aliniuliza kwa nini, sikumjibu. Nakujibu wewe.

Sikuziangalia.

Siku ile basi lilikuwa linaondoka saa kumi, na mimi nilimaliza ya 15 saa tisa na nusu, na macho yalikuwa yanaona vitu visivyokuwepo. Nikajiambia ni mazoezi ya Baba tu, za zamani, wenyewe walishapona au walishakufa. Nikaandika hakuna, hakuna, hakuna. Wala sikuona haya. Nilimkabidhi dereva sanduku nikaenda kulala.

Ulinidanganya, Baba. Ungeniambia neno moja tu, kwamba hizi ni za watu, wanaishi, wanangoja, ningelilaza jicho langu juu ya kila moja hata kama basi lingeondoka mara kumi. Nina hasira na wewe. Na mimi nilikudanganya, na kwenye hilo hukuwa na njia ya kujua, kwa sababu ulikuwa huoni na ulikuwa unaniamini. Sijui kati yetu nani amemkosea mwenzake zaidi. Ninachojua ni kwamba kuna watu watatu waliokosewa na sisi wote wawili, na hata majina yao siyajui.

Namba 16, 17 na 18 ni akina nani?

Kitinda


Tarehe 21 Mei

Mwanangu Kitinda,

Anayeandika ni Sista, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila neno kama lilivyo na asiongeze ya kwake. (Sitaongeza. Sista.)

Namba 16 ni mzee wa kinu. Hana kitu. Namba 18 ni mke wa mlinzi. Hana kitu. Namba 17 ni fundi.

Majibu ya hospitali kubwa yalikuja siku ya tatu. Sikumtuma mtu. Nilikwenda mwenyewe, nikishika ukuta, na pale kwenye mtaro mlinzi alinishika mkono. Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwambia jibu nililompa mwezi wa nne lilikuwa la uongo, ugonjwa anao, na dawa zinaanza leo. Akamaliza mshono uliokuwa mkononi, nikasikia anakata uzi kwa meno. Kisha akauliza, "Na huyu?"

Sikuona anamwonyesha nani, ikabidi niulize. Ni yule mtoto wake wa mwisho, anayelala naye kitanda kimoja. Wamempima. Naye ameanza dawa. Wengine watatu wazima mpaka sasa.

Aliniuliza nani alisoma slaidi yake. Nikamwambia ni mimi. Hajanisamehe, wala sikumwomba, maana kuomba msamaha wakati mtu anakohoa ni kumwongezea kazi.

Sasa sikiliza. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yalianza mwaka jana kama moshi. Nilifikiri nitafika mwezi wa kumi na mbili. Nilifikiri nikisema sioni watafunga chumba kabla hujarudi, na ukirudi na shahada yako utakuta kufuli. Nikaona wewe una macho na unahitaji mazoezi, mimi nina slaidi na nahitaji macho, pana ubaya gani? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilimwachia mtu mwingine akohoe kwa niaba yangu. (Hapa amenigeuzia mgongo. Hili naliongeza kwa sababu unapaswa kujua.)

Nimewaambia wakubwa yote niliyofanya. Wamechukua ufunguo. Umekaa shingoni kwangu miaka thelathini na minne, na bado kila asubuhi naupapasa. Chumba hakijafungwa. Kuna mtu anakuja Jumanne na Ijumaa kutoka hospitali kubwa, kijana mwenye haraka, lakini anaona. Mwezi ujao nitafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Wameniambia nitaona kama mwanzo. Nimewauliza kama naweza kubaki na la kushoto hivi hivi, nilipumzishe. Hawakucheka.

Jina lako sikulitaja kwa mtu yeyote. Daftari lina mwandiko wangu.

Nakutumia slaidi moja tu. Mkaguzi ameshaiandika kwenye ripoti yake, nimeomba nikupe wewe. Ni namba 17. Sikutumii kukuumiza, ingawa itauma. Hakuna mtu aliyewahi kuisoma kutoka meza yetu. Mimi sikuweza na wewe hukutaka. Isome. Madirisha mia, uandike.

Halafu ufanye mtihani wako.

Baba yako
(na Sista, ambaye hakuongeza kitu)


Tarehe 30 Mei

Shikamoo Baba,

Nimemwandikia fundi. Umemwambia ni wewe uliyesoma, nami nimemwambia ni mimi ambaye sikusoma. Nimemwambia nilikuwa nimevaa koti lake siku ile. Hatajibu, na ni haki yake.

Nimemwambia pia mwalimu wa vitendo. Nilidhani atanifukuza, nikaenda na begi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. Akasema nitaandikiwa onyo, na mtihani ni Jumatatu, nisichelewe. Nilipokuwa mlangoni akaniambia kwamba na yeye ana namba yake, ya miaka ishirini iliyopita. Uchovu haujaondoka, Baba. Ila sasa nikiamka nikaukuta kitandani, naamka tu.

Nenda kapasuliwe. Nitakuja Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, tutasafiri pamoja, na chai nitamimina mimi.

Slaidi nimeirudisha sandukuni, imefungwa kwa pamba. Niliisoma jana mchana, madirisha mia, sikuruka hata moja. Jibu hili hapa, Sista akuwekee kwenye daftari, kwa jina langu:

Namba 17. Vipo. Vijiti arobaini na moja katika madirisha mia.
Cha kwanza kimeonekana dirisha la tatu.

Msomaji,
Kitinda